Mpira Mkavu kwenye Msumari

Nilirudi Kolwezi kutoka chuo kikuu cha Lubumbashi nikiwa siamini kitu. Redio ilituambia sote sasa ni citoyens, yaani raia, tuna majina mapya na nchi mpya, nami nilikuwa nimejizoeza kuuliza kila mara nani kasema na yeye anapata nini. Kwa hiyo baba alipolazwa, na daktari wa upasuaji akaniambia kuna uvimbe mbaya kwenye utumbo mpana, swali langu la kwanza halikuwa la heshima.

"Citoyen docteur, wa namna hii ulishapasua wangapi? Na wangapi wako wazima?"

Hakukasirika. Alikuwa mtu wa kaskazini mwa Katanga, aliyesomea Ulaya, na suti yake ya abacost ilikuwa imefifia mabegani. Alikubali kwamba wengine walikufa. Zamani, alisema, mtu alifunguliwa, akaangaliwa, akafungwa tena. Au alikatwa vizuri, na siku chache baadaye tumbo likavimba, akaenda.

"Haiko kisu njo inaua," alisema. "Mi nakata kipande kibaya, nashona ncha mbili pamoja. Kama utumbo uko na uchafu, pale nilishona panaoza, sumu inajaa mu tumbo. Njo maana siku tatu hapana kula bukari, supu tu. Na kumusafisha na maji kwa nyuma, asubuhi na mangaribi, mpaka maji itoke safi."

Nilimshuku. Mtu anayekiri vifo kwa urahisi hivyo, niliwaza, labda anatafuta mwili wa kujifunzia. Baba alikuwa amezeekea kwenye shimo la mgodi wa Musonoi. Akifa, nani atauliza?

Mama hakuwa na wasiwasi wangu. Muuguzi wa wodi ile alikuwa kijana aliyekuwa anamchumbia dada yangu, na mama alimshukuru Mungu kwamba tuna mtu wetu ndani.

Mimi nilisoma kila karatasi. Fishi iliyoning'inia miguuni pa kitanda ilionyesha kwamba baba amesafishwa Jumatatu asubuhi, Jumatatu jioni, Jumanne asubuhi, Jumanne jioni. Mwandiko ni ule ule, hata wino haukubadilika. Nyuma ya pazia, mpira wa kusafishia ulining'inia kwenye msumari. Niliushika Jumatano asubuhi. Ulikuwa mkavu, na utando wa buibui ulikuwa umeunganisha mdomo wake na ukuta. Kesho yake, Alhamisi, baba alikuwa apasuliwe.

"Tata, balikusafisha?"

"Balinisafisha."

"Nani?"

Aligeukia ukutani. "Masomo yako ile, njo ya kuwa polisi?"

Nilimkuta muuguzi kwenye chumba cha mashuka. Nilimwambia fishi inasema mara nne na mpira unasema hapana. Aliendelea kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Shemeji, weye uko muntu wa Kasai kama mi. Niangalie matako ya baba mukwe? Kisha nikuje kwenu kuoa, na uso gani?"

Nilijua anachosema. Kwetu, mkwe hali chakula mbele ya baba wa mke wake. Wakikutana njiani, mmoja anakwenda pembeni. Nilikuwa nimewahi kuwachekesha wenzangu chuoni kwa habari hizo.

"Kwa hiyo unamuacha afe na heshima yake?"

"Yeye mwenyewe njo alinikataza. Alisema, andika tu, mutoto wangu, andika. Ukimwambia munganga, banafukuza mi, na dada yako anabaki na nani?"

Dada yangu alikuwa ameanza kushona mapazia ya nyumba ambayo haijapatikana. Nilifikiria mapazia yale kwa urefu wa korido moja, kisha nikagonga mlango wa daktari.

Nilipomaliza kueleza, alikaa. Nilitegemea atapiga kelele, nami ningejua la kufanya na kelele. Badala yake alianza kuhesabu kwa vidole. Nadhani alikuwa anawapitia marehemu wake, mmoja baada ya mwingine, akijiuliza nani alikuwa kwenye zamu ya kuwasafisha. Kisha akasogeza upasuaji mpaka Jumamosi, akachukua mpira, akaenda mwenyewe kwa baba.

"Tata, mi iko mukwe yako?"

"Hapana."

"Uko na binti mwingine wa kunipatia?"

"Wako babili bamebaki."

"Basi usinipe mpaka Jumamosi ipite. Geuka."

Baba aligeuka. Nilitolewa nje, maana mwana naye ana mipaka yake. Yule muuguzi hakufukuzwa. Alipelekwa wodi ya watoto, na nilipouliza kwa muda gani, daktari alisema mpaka aoe. Tangu siku ile kila mgonjwa wa daktari aliulizwa, kabla ya supu na kabla ya maji, kama kati ya wauguzi kuna mkwe wake au mtu wa kumwonea haya. Jibu liliandikwa juu kabisa ya fishi.

Jumamosi walikata, wakashona. Sikuamini hata hapo. Nilihesabu siku, nikitazama tumbo la baba kila asubuhi kuona kama linavimba. Daktari alisema tusimpe chochote mpaka hewa itoke kwa njia yake ya kawaida. Hewa ikipita, maana yake utumbo umeamka na pale aliposhona panapitika.

Siku ya nne nilipofika, mama alikuwa anacheka peke yake.

"Tata yako alijamba."

"Nani alisikia?"

"Mi."

"Mama, weye unaweza kusema hivi ili mi nitulie tu."

"Ona huyu," baba alisema kwa sauti ndogo. "Tulimutuma kusoma, akarudi hakimu. Kama hauamini, kaa."

Nilivuta kigoda, nikakaa. Mama aliendelea kufuma. Jua lilihama kutoka dirishani likafika kwenye mto wa baba. Kisha ikaja, fupi, bila haya, na baba akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo.

Nikamwomba arudie.