Nilihesabu Lori la Majani, Sikuhesabu Mbolea

Makosa ni yangu. Nichukie kuanzia hapa, na pole zako kaa nazo.

Mimi ni injinia. Nilipewa kazi ya kuchora daraja dogo upande wa Sigowet, kwenye barabara ya kwenda banda la kupimia majani chai. Kabla hujachora daraja, lazima ujue uzito wa magari yatakayopita juu yake, hasa lile zito kuliko yote. Kuna kipimo rasmi cha malori mazito, lakini nilijiona mjanja. Nikasema barabara ya mashambani haihitaji makuu hayo. Nikahesabu lori la majani chai, ambalo hata likijaa pomoni halina uzito wa maana.

Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya kupimiwa majani aliniuliza ninaandika nini. Nikamweleza. Akacheka.

"Sasa injinia, si lori ni hiyo hiyo inaletanga mbolea? Hiyo siku hata mlima inapanda ikilia."

"Mama, wewe chuma majani. Hesabu niachie mimi."

Nilimjibu hivyo mbele ya majirani zake, mama wa umri wa mamangu. Mpumbavu mkubwa mimi.

Daraja likajengwa, na msimu wa mbolea ukafika. Malori mawili yaliyojaa mbolea yakaja yakifuatana, na daraja likakatika chini ya lile la mbele. Dereva wake, Kiprono, alivunjika uti wa mgongo. Hatatembea tena.

Hapo ningeweza kusema ukweli. Badala yake niliandika ripoti kwamba dereva alizidisha mzigo. Alifutwa kazi akiwa bado kitandani.

Nilienda kumwona hospitalini. Usidhani ni kwa huruma, nilitaka kujua kama ananishuku. Akanishika mkono.

"Injinia, unisamehe. Wamesema mimi ndio niliharibu daraja yako. Lakini nilipakia tu ile mzigo ya kila mwaka."

Nikamwambia nimemsamehe. Mimi, nikamsamehe yeye!

Na wewe injinia mwenzangu unayesoma hapa ukinilaani, toa michoro yako uhesabu upya leo. Rudi kwa wanaoitumia barabara, uwaulize ni nini hupita pale, kisha unyamaze wakuambie. Na ukikosea, usimbebeshe mtu mwingine kosa lako. Ripoti yangu bado iko kwenye faili na sahihi yangu chini yake, na Kiprono huwaambia wanaomtembelea kwamba mimi ni mtu mwema.