Mguu wa Fundi Cherehani

Mjomba wangu, fundi cherehani, hajakosea suruali hata moja kwa miaka thelathini. Muulizeni mwenyewe. Ikipanda upande mmoja, alimtazama mteja kwa huruma: "Suruali iko sawa, ndugu yangu. Mguu wako ndio mrefu." Watu walilipa, wakaondoka wakijikagua miguu.

Mwaka huu kawekewa nyonga ya bandia. Maumivu yakaisha, lakini akawa anatembea akiyumba kama meza mbovu. Daktari akampima, akamweleza kwamba kikombe cha nyonga mpya kimekaa chini kidogo, hivyo mguu wa kulia umezidi wa kushoto kwa sentimita moja na nusu. Aongeze soli kwenye kiatu cha kushoto, mwendo utatulia.

Soli? Bwana mkubwa aliona aibu. Akarudi dukani kifua mbele, na suruali mpya aliyojishonea kwa vipimo vyake vya zamani. Upande wa kulia ulining'inia juu ya kifundo.

"Fundi, leo umejikosea mwenyewe," mteja mmoja akamwambia.

"Suruali iko sawa!" mjomba akafoka. "Mguu ndio mrefu! Daktari kapima!"

Mteja akamtazama kwa huruma ileile.

"Pole, fundi. Hata wangu, tangu ile suti ya harusi uliyonishonea."