Mchora Vibao wa Sokoni Ostend Adai Jina Lake Kitabuni

Saa kumi na mbili asubuhi, upepo wa bahari ukikata masikio, Godelieve Vanhoutte anafanya ishara ya msalaba, anapuliza vidole, kisha anachovya brashi katika kopo la unga wa chaki uliokorogwa kwa bia iliyochacha. Pigo moja, mgongo wa samaki. Pigo la pili, tumbo.

"Mama, mnenepeshe kidogo," Firmin, mwenye meza ya samaki, anamtania. "Bei imepanda, angalau kwenye picha ashibe."

"Nikimnenepesha watasema sijui kuchora samaki. Na walishaanza," anajibu bila kuinua kichwa.

Godelieve, 58, amechora vibao vya bei katika soko hili la Ostend, mji wa pwani, kwa miaka thelathini na moja. Kibao kimoja humpa euro kumi na mbili. Darasani aliingia juzi tu, akiwa na miaka 55, kwa masomo ya jioni ya uchoraji. Mwalimu wake ndiye aliyemtafutia tiketi ya kongamano la wachoraji na wabunifu mjini Ghent, Novemba iliyopita.

"Nilikwenda kujifunza," anasema. "Nilivaa koti la kanisani."

Na alijifunza. Asubuhi ile mchoraji wa vitabu vya watoto alifungua madaftari yake jukwaani: mbweha mmoja, amefutwa na kurudiwa mara ishirini.

"Nikasema, kumbe na wao wanakosea. Nilimshukuru Mungu pale pale kitini. Nilitaka kurudi nyumbani nikachore."

Baada ya chakula cha mchana akapanda mbunifu Ruben Casteels, anayeandaa kitabu cha michoro ya mitaani. Kwenye skrini akatokea gayogayo, yule samaki bapa, mkubwa kama mlango wa ghala. Godelieve alimtambua. Alimchora yeye, kwa ajili ya meza ya Firmin.

"Mchoraji hajulikani," Casteels aliwaambia watu mia nne. "Tazameni macho, yote mawili upande mmoja, kama anavyochora mtoto wa chekechea. Mkono usiosoma. Kosa zuri ajabu."

Ukumbi ukacheka. Godelieve akasimama.

"Bwana, umewahi kununua gayogayo mzima?"

"Mimi hula waliokwisha kukatwa, mama," Casteels alijibu akitabasamu.

"Basi ndiyo maana. Macho yake yote yako upande wa kulia. Mungu kamuumba hivyo, alale mchangani aangalie juu. Nimemchora alivyo. Na sijulikani vipi? Ulipompiga picha nilikuwa nimesimama hapo na brashi mkononi. Ukaniambia nisogee, nakuzibia mwanga."

Casteels alisema wataongea wakati wa kahawa, na wakati wa kahawa hakuonekana.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya mchapishaji. Ukurasa wa mwisho wa kitabu utawashukuru "wauza samaki wa Ostend".

"Mimi siuzi samaki," anasema, na brashi inatua kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Orodha iliyoambatanishwa na barua hiyo ina michoro sitini na mmoja. Ishirini na miwili ni ya waliosoma vyuoni, na kila mmoja una jina. Iliyobaki, thelathini na tisa, imeandikwa mji tu na neno "hajulikani". Kuuliza jina la mtu hakugharimu hata senti. Hakuna aliyeuliza.

Godelieve amejibu kwa mistari miwili: jina lake liwe chini ya samaki wake, au samaki atoke kitabuni. Kisha akachukua ile orodha na kupanda tramu ya pwani, mji kwa mji, akiwatafuta wenzake. Hadi sasa amewapata wanne, akiwamo mzee wa Nieuwpoort anayechora madirisha ya mabucha, ambaye hakujua kama yumo kitabuni.

Kitabu kinakwenda mtamboni Machi. Jumamosi hii atashukia De Panne, kumtafuta wa tano.

"Mungu alitujua kwa majina tangu tumboni mwa mama zetu," anasema, akiosha brashi. "Mchapishaji nimempa mpaka Machi."