Maneno ya Bibi Niliyomtafsiria Mchungaji

Ilianza Alhamisi, saa kumi na robo jioni, mchungaji alipopiga hodi nikiwa bado na sare ya shule. Ukungu ulikuwa umeshashuka mpaka kwenye matuta ya kabichi. Nilimwamkia, nikapokea mwavuli wake, nikageuka nikimbilie jikoni. Jikoni ndiko ninakokaa wageni wakija. Hata darasani, kidato cha tatu hiki, mwalimu akiniita nijibu swali nasimama nikitazama viatu.

Alikuja kwa ajili ya baba na mama. Zaidi ya wiki sasa baba alikuwa hali chakula cha mama. Hakumpiga wala kumtukana. Anarudi shambani, anaipita meza, anakwenda chumbani na mkate wa dukani. Kwetu mwanamume akisusa chakula cha mkewe, huyo mke hasubiri aambiwe tena. Begi la mama lilikuwa limeshafungwa, limewekwa karibu na mlango. Kesho asubuhi angepanda basi kwenda kwao Muheza. Mimi ningebaki kwa sababu ya shule. Hilo aliniambia akinisuka, ili nisimwone uso.

Chanzo kilikuwa picha. Mama alizaliwa Mwislamu, akabatizwa alipoolewa. Babu wa Muheza alipofariki mama alikwenda kuzika na baba akaenda naye, hakukuwa na neno. Ila arobaini ilipofika, baba alikuwa Tanga na mzigo wa karoti, na mama akaenda peke yake. Binti wa mama mdogo akaweka picha kwenye status ya WhatsApp: mama kajitanda ushungi, anapakua pilau ya hitima. Mwanakwaya mmoja akaiona, akaona lazima na baba aione. Baba alipouliza ni nani aliyemruhusu, mama alinyamaza. Alinyamaza mpaka baba akasema basi, aende akakae na hao waliomruhusu.

Mchungaji wetu ni mtu wa Iringa, alihamishiwa huku mwaka jana, Kishambaa hakijui. Kwa kawaida huja na mzee wa kanisa wa kumtafsiria, lakini siku hiyo mzee alikuwa ameteremka Magoma. Na bibi, mama yake baba, Kiswahili chake ni cha sokoni. Kwenye mambo mazito hukiweka pembeni.

"Binti utakaa hapa," mchungaji akaniambia, akinionyesha kigoda katikati ya bibi na yeye. "Utakuwa masikio yangu."

Nikamtazama mama aniokoe. Mama alikuwa anatazama sakafu.

Mchungaji ana utaratibu wake. Anafungua kwa sala, halafu anaomba chakula cha nyumba hiyo kiletwe mezani, kifunikwe, na hakuna anayekigusa. Sala ya kufunga haifanyi mpaka wenye ugomvi wale pamoja. Nilileta makande aliyopika mama, nikayafunika kwa sahani nyingine. Harufu ya nazi ilijaa sebuleni.

Baba alisema yake. Hakukasirika, na hicho ndicho kilichonitisha. Alisema mke wake aliondoka bila ruhusa, alirudi bila maelezo, na yeye amekuwa kichekesho kanisani. Mchungaji akamgeukia mama, akamuuliza kama amerudi kwenye dini yake ya zamani. Mama akasema hapana, alikwenda kumpikia marehemu baba yake. Akaulizwa kama aliaga. Mama akanyamaza. Mchungaji akarudia swali kwa upole. Mama akavuta kanga, akajifunika mabega.

Ndipo bibi akasema. Alisema kwa Kishambaa, chini chini, kama anazungumza na goti lake: "Mimi ndiye niliyemwambia aende. Nikamwambia mwanangu nitamwambia mwenyewe. Halafu ile picha ikaja, nikaogopa."

Nilielewa kwa nini. Bibi ndiye kiongozi wa kina mama kanisani. Yeye ndiye huwakemea wenzake wakienda kwenye hitima na mambo ya wazee wa zamani.

"Bibi amesema nini?" mchungaji akaniuliza.

Baba alikuwa amesikia, Kishambaa ni lugha yake. Alikuwa ametulia kama mtu aliyemwagiwa maji. Mama pia alikuwa amesikia, kwa sababu Kibondei cha kwao na Kishambaa havijaachana mbali. Chumba kizima kilikuwa kimesikia isipokuwa yule aliyekuja kusikiliza. Na mtoto hasemi kosa la bibi yake mbele ya mgeni, sembuse mbele ya mchungaji.

"Amesema amechoka," nikasema.

Mchungaji akatikisa kichwa, akamwambia bibi pole. Halafu akamgeukia mama, akaanza kusema kwamba ndoa haiendi bila mtu kukubali kosa, na kama yeye hana la kusema basi huenda ni vizuri akapumzike kwao kidogo. Nilimwangalia mama. Alikuwa anajua. Maneno mawili tu yangemtosha, na hakuyasema, kwa heshima ya mkwewe. Akaitikia kwa kichwa. Akatazama begi.

Sauti yangu ilitoka nyembamba, sikuitambua.

"Mchungaji, hakusema amechoka. Amesema yeye ndiye aliyemruhusu mama. Aliahidi kumwambia baba, akaogopa."

Nilisikia mvua kwenye bati. Baba akamtazama mama yake, akamuuliza kwa Kishambaa kama ni kweli.

"Mtoto si amesema," bibi akajibu.

Baba akamgeukia mama. "Na wewe mbona hukuniambia?"

"Alisema atakwambia mwenyewe. Nilikuwa namsubiri."

Mchungaji akafunua sahani, akaisogeza mbele ya baba. Baba aliitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Nimesikia, Mchungaji," akainuka, akatoka kwenda kumtazama ng'ombe, ambaye hakuwa na shida yoyote. Mchungaji akachukua mwavuli wake. Alisema sala ya kufunga ataifanya siku atakayoikuta sahani ile tupu.

Nilipompita bibi, aliniwekea mkono kichwani, mzito.

"Kumbe una mdomo," akasema. Sikujua kama ananisifu au ananisuta. Bado sijui.

Jioni ile baba alikula mkate. Begi halikusogea.

Asubuhi nilimkuta baba jikoni, kwenye kile kigoda changu, amevaa koti la shambani. Hakunitazama.

"Yale makande yamebaki?"

Nikayapasha moto, nikayapakua. Akanyoosha mkono. Sikumpa. Nilimpita, nikaenda sebuleni alikokuwa mama anafunga kanga ya safari, nikamwekea sahani mkononi. Tulitazamana. Basi la kwanza likapiga honi kule barabarani. Mama akaingia jikoni, na nikamsikia anaiweka chini mbele ya baba.

Halafu kijiko.

"Chumvi haba," baba akasema.

"Chumvi ipo pale pale ulipoiacha," mama akasema.

Nilibeba begi, nikalirudisha chumbani, nikalisukuma chini ya kitanda mpaka lilipogota ukutani. Kisha nikaenda shule. Paredi ilikuwa imeshaanza, nikasimamishwa na wachelewaji.