Ukoko wa Mlinda Ndege

Kama umewahi kukaa barazani kwangu hapa Kongowe, Kibaha, unajua kuwa mimi na safari hatuelewani. Cherehani yangu iko barazani, genge liko mbele, msikiti uko nyuma. Nikifika Mlandizi tu naanza kuulizia usafiri wa kurudi. Kwa hiyo tawi letu la mashabiki lilipotangaza safari ya kwenda Marui, huko Kisarawe, kutembelea kijiji alikokulia mshambuliaji wetu, na mimi nikawa wa kwanza kutoa jina, mke wangu alinishika paji la uso kuangalia kama nina homa.

Haikuwa homa. Ulikuwa wivu.

Siku chache kabla yake tulikuwa tawini mbele ya televisheni, nyota wetu anahojiwa. Yuko nje huko kwenye baridi, amevaa koti lenye manyoya shingoni, anaulizwa ule utulivu wake mbele ya goli aliupata wapi. Akacheka kidogo, akasema aliupata kwenye dungu la bibi yake, akilinda ndege wasile mpunga. Kule juu, akasema, ndiko alikojifunza kusubiri. Tawi zima likapiga makofi. Mimi pini zilinidondoka mdomoni.

"Huyo hakulinda ndege," nikasema. "Ndege nililinda mimi!"

"Fundi," akasema mwenyekiti wa tawi bila hata kugeuka, "wewe shona bendera."

Sasa wewe ngoja nikueleze, maana wao hawakunisikiliza. Wazazi wangu walikuwa watu wa ofisini hapa Kibaha, na kila likizo walinipeleka Marui kwa bibi mzaa mama. Bibi yangu na bibi wa jirani walilima mpunga bonde moja, shamba kwa shamba, na katikati yao kulikuwa na dungu moja: kichanja cha miti kirefu kuliko mtu, kimeezekwa makuti, na kamba zimetoka hapo kwenda pande zote za shamba, zimefungwa makopo. Ndege wakishuka, unavuta kamba, makopo yanalia bonde zima, nao wanainuka kama moshi. Wakizidi, unapiga kelele. Wakizidi tena, kuna kombeo na vidonge vya udongo mkavu.

Bibi wa jirani naye alikuwa na mjukuu, lika langu. Ndiye huyo wa koti la manyoya. Zamu zetu zilipangwa vizuri kabisa: asubuhi mimi, mchana yeye. Lakini mchana ndio watoto wa kijiji walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi nyuma ya shule, na mwenzangu akisikia zile kelele miguu yake ilianza kucheza peke yake. Nikamwambia nenda, mimi nitakaa. Usinisifu. Juu kule kulikuwa na kivuli, upepo, muhogo wa kuchoma, na hakuna mtu wa kuniambia nikimbie. Mpira nilishaujaribu, waliniweka golini, nikauliza kama naweza kukalia kindoo.

Na kulikuwa na ukoko. Jioni mabibi wale walipika wali wa nazi kwenye sufuria moja, wakapalia makaa juu ya mfuniko, harufu ya tui ikatufuata mpaka mferejini tulikokwenda kunawa. Sheria ilikuwa moja tu: aliyelinda ndege ndiye anayekwangua sufuria. Ule ukoko ulikuwa mwekundu, mgumu, una mafuta ya nazi, unalia mdomoni kama makuti makavu. Mwenzangu alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, akasimama kuniangalia nikitafuna.

"Nigawie."

"Ulilinda wewe?"

Bibi wa jirani alikuwa akitutania kama mabibi wote wanavyotania wajukuu, sote waume zake: mwenzangu mume mkubwa, mimi mume mdogo. Hilo la udogo liliniuma tangu wakati ule, lakini kwenye ukoko nilikuwa mkubwa mimi.

Ndiyo maana nilikwenda. Mishahara ya mwenzangu sina habari nayo, na hilo gari lake lisilo na paa mvua ya Kibaha ingelimaliza. Lakini dungu langu? Ndege wangu? Nilitaka bibi yule aseme mbele ya tawi zima nani alilinda mpunga.

Basi tukakodi gari, tukapita Kisarawe mjini, lami ikaisha, nikauliza mara ngapi kama tumefika sijui. Marui tukapokewa na kijana mwenye filimbi shingoni, mwenyeji wa wageni. Akatuonyesha uwanja, akatuonyesha ukuta alioupiga mashuti, kisha akatuteremsha bondeni. Huko, rafiki yangu, nikakuta dungu jipya, lina misumari, limepakwa rangi za timu.

"Hapa," akasema kijana, "ndipo nyota alipokaa toka asubuhi mpaka jioni."

"Dungu lilikuwa kule," nikamwambia, "karibu na mfereji."

"Mzee, umeshawahi kufika huku?"

Mzee! Nikapanda kuwaonyesha kamba zilivyokuwa zinavutwa. Mti mmoja ukalia.

"Fundi, shuka!" akapiga kelele mwenyekiti. "Utavunja historia!"

Nikashuka. Kwa kweli hakukuwa na kamba za kuvuta. Mpunga haulimwi tena pale. Bonde limekatwa viwanja, lina vigingi vya zege, na ndege hawana walichofuata. Nyumba ya bibi yangu ilikwisha kuanguka baada ya yeye kufariki, nami kwa uvivu wangu nilikuwa nimesikia tu kwa simu. Nikapita pale kama mgeni, nyuma ya watu wenye jezi.

Bibi wa jirani tulimkuta kwenye mkeka, amekonda, macho yamefifia, anapokea sukari na kanga za wageni. Tukampigia shikamoo mmoja mmoja. Ilipofika zamu yangu nikaitamka taratibu, kwa ukamilifu, nikaacha na nafasi ya kutambuliwa.

"Marahaba, mwanangu, karibu," akasema, akampa mkono aliye nyuma yangu.

Kijana wa filimbi akarudia mbele yake hadithi ya dungu. Nikamkodolea bibi macho. Anatikisa kichwa tu, ndiyo, ndiyo. Nikaenda kukaa pembeni kwenye kinu kilichopinduliwa, nikavuta miguu, nikaegemea ukuta. Hamu ya wali ikanitoka, nami si mtu wa kutokwa na hamu hiyo.

Masinia yakaja, watu wakala. Ndipo sauti ya bibi, aliyekwisha kuinuka mkekani, ikatoka jikoni:

"Aliyelinda ndege yuko wapi?"

Tawi likacheka. "Bibi, huyo yuko Ulaya!" akajibu mwenyekiti.

"Nani kamwita huyo? Huyo alikuwa mtoro. Namwita mume wangu mdogo, yule mzito, aliyekuwa hashuki."

Akatoka na sahani ya bati. Ukoko. Mwekundu, wa kuni, unanukia nazi. Watu wote wakageuka kunitazama, na mwenyekiti akabaki na tonge mkononi.

"Bibi, kumbe umenijua?"

"Umeota ndevu, ningekujuaje? Nimekujua ulivyokaa."

Wakacheka mpaka kijana akapuliza filimbi. Nami nikacheka, lakini nikamvuta karibu, nikamnong'oneza: sasa mbona alimwacha kijana aseme vile?

"Nimwumbue mume mkubwa mbele ya wageni wake?" akasema. "Naye ana lake. Kila akipiga simu lazima anigombeze: bibi, ukoko wote ulimpa yule. Mtu mzima yule, na mpaka leo ana wivu."

Nikaacha kutafuna. Huko kwenye baridi, na koti lake, ananionea wivu mimi.

"Ndiyo maana kaniletea na lile," bibi akaendelea, akinionyesha ndani kwa kidevu. Juu ya kabati kulikuwa na sufuria ya umeme, nyeupe, imefunikwa kitambaa cha kufuma. "Linapika lenyewe, linazima lenyewe. Leo nimewasha kuni kwa kuwa mko wengi. Lakini lile ukoko halitoi."

Mshambuliaji ni mshambuliaji. Alisubiri miaka yote hiyo, halafu akafunga.

Nikatazama bondeni kulikokuwa na mpunga, makopo, ndege, na bibi yangu akiniita nishuke giza linaingia. Vyote vimekwenda, na ule ukoko huenda ndio wa mwisho. Mwenyekiti akanyoosha mkono.

"Fundi, nigawie kidogo."

"Ulilinda wewe?" nikamwuliza, nikaikumbatia sahani yangu.