Mgonjwa wa Jumatano

Rama wa Majengo, Thika, alikuwa amekufa mara nyingi kuliko mtu yeyote wilayani. Kwa miaka sita alizunguka na kikundi cha maigizo kilichoigiza vitabu vya mtihani katika kumbi za shule za upili, na kwa kuwa alikuwa mwembamba na mwenye macho makubwa, kila kitabu kilipohitaji maiti alipewa yeye. Alikufa kwa sumu, kwa mkuki na kwa mapenzi. Wasichana wa bweni walimlilia Ijumaa, Jumatatu wakaandika insha juu ya kifo chake na kupata alama saba kati ya ishirini. Kisha mkurugenzi wa kikundi akaokoka, akagundua kwamba maigizo ni dhambi, na Rama akabaki na kipaji cha kufa bila mahali pa kufia.

Mwaka wa tisini na nne madaktari wa serikali wakagoma. Wadi zikafungwa, wagonjwa wakaambiwa warudi nyumbani wakaumwe huko. Nchi nzima ilikuwa inakohoa, lakini wanafunzi wa udaktari hawakuwa na mgonjwa hata mmoja wa kujifunzia. Hapo ndipo mhadhiri wao, Daktari Perez Aketch, alipokodi ukumbi wa wafanyakazi katika shamba moja la kahawa Ruiru, akatafuta waigizaji. Yeye mwenyewe alikuwa mgomoni. Alipoulizwa inakuwaje, alijibu kwamba chama cha madaktari kimesema wasiguse mgonjwa, na hakikusema chochote juu ya mwigizaji.

Basi kila Jumatano watu wazima kabisa walilazwa kwenye meza za ukumbi ule, wakapimwa, wakapewa pole na chakula cha mchana, huku wagonjwa wamelala makwao wakijipa pole wenyewe. Wiki moja kabla, Daktari Perez humpa kila mwigizaji karatasi ya ugonjwa wake: umeanza lini, unauma wapi, nini cha kuficha mpaka uulizwe. Rama alikuwa bingwa. Alishawahi kuwa na kidole tumbo kizuri sana hata mwanafunzi mmoja akaanza kunawa mikono ampasue.

Jioni mkewe, Muna, humngoja mlangoni na swali lilelile. "Baba Firdaus, leo uliumwa nini?"

Na Rama huanza hapohapo barazani. Pumu. Mawe ya figo. Siku ya kifafa majirani walikuja na maji. Muna alicheka mpaka akashika ukuta. Hakuwahi kumwona jukwaani. Hayo ndiyo yaliyokuwa maigizo yake, na alikuwa mkali kuliko wahadhiri. "Hiyo pumu imekaa kama ya mtu aliyekimbizwa na mbwa," alimwambia mara moja. "Rudia."

Lakini tangu Juni Muna alikuwa akicheka kwa uangalifu, kama mtu anayebeba sufuria iliyojaa. Ugali ulianza kumkwama. Akauacha, akala wali. Wali ukakwama. Mamake alisema ni mtoto, Tahir, wa miezi kumi, anamnyonya mpaka mifupa. Duka la dawa likampa vidonge vya kutafuna vya rangi ya waridi. Walipokwenda hospitali, mlinzi aliwaambia kwa upole warudi mgomo ukiisha, akarudi kusikiliza redio ajue unaisha lini.

Rama akamwendea Daktari Perez.

"Daktari, mke wangu hamezi."

"Rama, usiniambie."

"Dakika tano tu. Nitamleta hapa."

"Nikishika mmoja nimewauza wenzangu wote. Wengine wamefutwa kazi, wengine wanafukuzwa kwenye nyumba za serikali." Aliyasema hayo akiangalia viatu vyake. "Jumatano una malaria. Usisahau kutetemeka."

Rama akarudi nyumbani na karatasi ya malaria mfukoni. Ila kwa wiki nzima hakuisoma. Alimsoma Muna. Alitazama anavyovuta pumzi kabla ya kumeza, kama mtu anayeingia maji baridi. Alitazama uji unavyosimama katikati ya kifua, naye Muna anasimama pia, anatembea mpaka mlangoni, anainua mkono wa kushoto juu ya kichwa na kungoja. Wakati mwingine uji ulishuka. Wakati mwingine ulirudi. Rama aliyashika yote, mpaka na namna alivyopangusa mdomo kwa ncha ya leso ili Firdaus, msichana wao wa miaka sita, asione.

Kama daktari hawezi kuja kwa Muna, basi Muna angekwenda kwa daktari, ndani ya mwili wa mwanamume wa miaka arobaini na mitatu mwenye ndevu.

Jumatano akalala mezani. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa Kagwe, kijana aliyejua jibu kabla ya swali. Aliuliza matatu, akafunga daftari.

"Vidonda vya tumbo. Mzee, punguza pilipili." Akamwandikia vidonge vya kutafuna vya rangi ya waridi.

"Hivyo amemaliza," Rama akasema, halafu akajirekebisha. "Nimemaliza."

Nyuma, Daktari Perez alitazama karatasi yake. Ilisema homa, kutetemeka, maumivu ya viungo. Akaikunja. Akaitia mfukoni.

Wa pili alikuwa Ngendo, msichana mpole wa kutoka Gatuanyaga, ambaye wenzake walimtania kwamba anawaongelesha wagonjwa kama anakamua ng'ombe. Akavuta kiti.

"Niambie mzee, nini kilianza kukwama?"

"Ugali."

"Halafu?"

"Wali. Halafu ndizi ya kupondwa. Sasa ni uji, na uji nao unasimama hapa."

"Ukisimama unafanya aje?"

Rama akashuka mezani. Akatembea mpaka mlangoni, akainua mkono wa kushoto, akangoja. Hata Kagwe alimeza mate kuhakikisha.

"Umekonda?"

"Nguo zote nafunga na pini."

"Nyumbani una watoto?"

"Wawili. Huyu mdogo bado namnyonyesha."

Darasa likaangua kicheko. Kagwe alilalia dirisha. Ngendo alicheka pia, kidogo, kisha akaona kwamba mgonjwa hajacheka, wala mwalimu wake. Daktari Perez alikuwa amevua miwani.

"Mgonjwa ana miaka mingapi?" akauliza.

"Thelathini na mmoja," Rama akajibu.

Hakuna aliyecheka hiyo.

"Endelea, Ngendo. Mwambie unachofikiria. Mketishe kwanza."

Ngendo alimketisha. Alikuwa hajui aweke wapi mikono, akaishia kumshika Rama kiwiko. "Pole sana. Naona kama kuna kitu kimekua kwenye umio, kinaziba njia ya chakula. Inaweza kuwa saratani. Siwezi kuwa na uhakika bila picha."

"Picha inapigwa wapi?"

"Nairobi. Hospitali kuu."

"Iko wazi?"

Ngendo akamtazama mwalimu. Kagwe akalifungua tena daftari lake.

"Haiko wazi," Daktari Perez akasema. "Na akishafika kwenye uji, mara nyingi tumechelewa kupasua. Tunaweka mrija wa mpira, apate kumeza."

Rama akalia. Ilikuwa desturi wanafunzi kumpa mwigizaji alama mwishoni, na walimpa tisa kwa kumi. "Machozi yalikuwa safi," Kagwe alieleza. "Lakini ya kunyonyesha alizidisha."

Daktari Perez alimfuata nje, kwenye uwanja wa kuanikia kahawa.

"Mpe maziwa. Mchuzi uliochujwa, tia mafuta. Kichwa kiinuliwe akilala. Mgomo ukiisha, asubuhi ile ya kwanza, mlete kwangu."

"Unaisha lini?"

"Hata mimi nasikiliza redio."

"Basi njoo umtazame tu, Daktari. Usimguse. Ukae kama watu wanavyokaa kwenye mchezo."

"Nikimwona nitamgusa," akasema, akarudi ndani, ambako mtu mzima mwenye nguvu zake alikuwa akingoja kuumwa kichwa.

Rama alifika Majengo jua likiwa bado juu. Muna alikuwa mlangoni kwenye kigoda, Tahir ananyonya.

"Baba Firdaus, leo uliumwa nini?"

"Malaria."

"Tuone."

Akaweka mfuko chini, akaanza kutetemeka. Akagonganisha meno. Akajikunja, akajipangusa jasho ambalo halikuwapo. Firdaus alipiga makofi. Muna alimtazama mpaka mwisho bila kutabasamu, kichwa kaegemeza kwenye fremu ya mlango.

"Hujawahi kuigiza vibaya hivyo," akasema.

"Nimechoka."

Akauvuta mfuko kwa mguu, akaufungua kwa mkono usiomshika mtoto. Pakiti nne za maziwa. Akazitoa moja moja, akazipanga kwenye kizingiti.

"Na haya ni dawa ya malaria?"

Rama aliyekufa mbele ya shule nzima nzima, mabawabu na walimu wakuu wakilia, alitafuta sentensi moja tu ya uongo na hakuipata.

"Keti, Rama," Muna akamwambia, akamsogezea mkeka. Hakuwahi kumwita kwa jina mbele ya watoto. "Keti uniambie wamesema nini."