Turubai Juu ya Mlingoti wa Kibuta

Niliondoka nyumbani, mtaa wa Picha ya Ndege hapa Kibaha, kwa sababu mtambo wa Kibuta ulinyamaza. Vifaa tulivyofunga kando ya Barabara ya Morogoro huhesabu magari na kutuma hesabu hewani, bila waya, hadi kwenye mlingoti ulioko kule Kibuta, mwinukoni. Mlingoti nao huzirusha hadi kwenye taa za mjini, ili taa ziruhusu upande wenye foleni ndefu. Ukinyamaza, taa hazijui kitu na magari yanakwama. Hayo ni maelezo ya kazini. Yangu ni mafupi: mume wangu Elia amepanga chumba Buguruni, nyumbani Kibaha anakuja Jumapili tu, na aliniambia foleni ikipungua atarudi kulala kwake. Kazi hii niliiomba kwa ajili hiyo, msinicheke.

Asubuhi niliwasha pikipiki ya ofisi nikashika njia ya ndani, Kiluvya hadi Kisarawe. Vumbi tupu. Sikuwa na wa kuongea naye, basi nikawa naongea na Elia kichwani, namweleza kila kona na kila shimo.

Kisarawe mjini nilisimama kunywa chai. Mama ntilie akaniuliza nimekuja na nani, nikamwambia na bisibisi yangu. Akacheka sana. Mimi nilitaka kulia, sijui hata kwa nini.

Kibuta nilifika jua limeshakuwa kali. Mlingoti wetu uko uani kwa Mzee Shomari, aliyekuwa akitulindia. Niliukuta ua umejaa watu, wanaume wameketi kwenye mikeka chini ya turubai la buluu. Kona moja ya turubai walikuwa wameifunga kwenye mlingoti, ikafunika sola yote. Kumbe betri iliishiwa kwa kukosa jua! Nilikuwa tayari kuwaka. Nikauliza Mzee Shomari yuko wapi, jamaa mmoja aliyetoka Msimbu akanijibu kwa upole kuwa wameshamzika, na leo ni hitma yake.

Simu ikaita, msimamizi wangu.

"Mtambo umeshawaka?"

"Bado. Sola imefunikwa na turubai la msiba, dua haijaisha."

"Lishushe tu. Wakaguzi wanakuja jioni. Wakikuta taa hazifanyi kazi, mradi unafungwa."

Mradi ukifungwa, foleni inabaki, na Elia anabaki Buguruni. Kamba ya turubai ilikuwa karibu na mkono wangu kabisa. Nikaiacha, nikaomba kuingia ndani.

Mjane, Bi Tatu, alikuwa chumbani, ameshaingia eda. Fundi mwanaume asingeweza kumwona, ila mimi nilikaribishwa hadi mkekani.

"Shikamoo bibi. Pole kwa msiba."

"Marahaba mwanangu, nimeshapoa. Umefuata mtambo wenu?"

"Ndiyo, lakini nitasubiri."

"Alikuwa akiufuta vumbi kila asubuhi, utadhani mke mdogo." Akatabasamu kidogo. "Jioni anatoka shamba, tunakula. Miaka yote sijala peke yangu. Na wako hurudi saa ngapi?"

"Jumapili, bibi. Foleni."

Akanitazama. "Foleni ya wiki nzima?"

Nilikasirika, nisiwadanganye. Nikamwambia hajui mjini kulivyo. Hakubisha. Akasema niletewe pilau.

Dua ilipokwisha, wanaume wenyewe walifungua kamba wakaihamishia kwenye mkorosho. Nikaifuta sola kwa pindo la kanga, na jua la mchana ule halikuhitaji kubembelezwa. Taa ndogo ya mtambo ikawaka. Baadaye msimamizi akanitumia ujumbe: taa zote zinafanya kazi.

Jioni nilirudi Picha ya Ndege mgongo unauma na roho nyeupe. Nikapika wali wa watu wawili. Nikafungua ramani ya barabara kwenye simu: Buguruni, Ubungo, Kimara, Mbezi, hadi kwangu, hakuna hata alama nyekundu ya foleni. Nikampigia.

"Elia, leo njoo. Njia nyeupe."

"Wapi, mke wangu. Niko Ubungo hapa, magari hayasogei hata kidogo. Jumapili, Mungu akipenda."

Sikusikia honi wala injini. Nilisikia redio iliyopunguzwa sauti, na kijiko kikigonga sahani.

Ubungo nilikuwa nayo kiganjani, nyeupe. Sikumwambia. Nilimwambia pole na foleni, naye akasema ahsante.

Safari hiyo imenifunza jambo moja, nalo silipendi. Foleni inapungua, nimeipunguza mimi kwa mikono yangu. Lakini siku zote foleni ndiyo iliyokuwa ikinijibia nikijiuliza mume wangu yuko wapi, na sasa nimeinyamazisha. Nikapakua sahani moja, nikakaa, nikala.